Chai ya Artemisia Niliyoiuza Mangobo

Kwa miaka kadhaa niliuza majani ya artemisia katika komini ya Mangobo, hapa Kisangani, nikiwaambia watu kwamba yanaponya malaria. Mimi si mganga. Nafundisha kemia sekondari, na hilo ndilo lililowafanya watu waniamini. Mzee wa miti shamba akiingia mjini kwa barabara ya Buta na gunia lake la mizizi, watu humhoji, humbana bei, na wengine huenda kwanza kupima damu. Mimi nilikuwa na jina la mwanasayansi wa China aliyepata tuzo ya Nobel, na juu ya meza yangu ya kuuzia nilibandika karatasi yenye fomula: C15H22O5. Hakuna jirani aliyebishana na fomula.

Naandika sasa kwa sababu baadhi ya waliochukua majani kwangu bado wanayachemsha, na kwa sababu kuna mtu niliyemsingizia mbele ya watu.

Oktoba 2015 redio zilitangaza kwamba Tu Youyou, mama wa miaka 84 kutoka Beijing, amepata Nobel ya tiba pamoja na William Campbell na Satoshi Ōmura. Hao wawili walituzwa kwa kazi iliyotupa ivermectini, dawa ambayo watu wa kando ya mito ya mkoa wetu wa Tshopo wanaijua vizuri kwa sababu ya upofu wa mtoni. Lakini mimi nilimng'ang'ania Tu Youyou. Wiki ile ile niliingia darasa la sita, sehemu ya kemia-biolojia, nikaandika ubaoni Artemisia annua. Nikawaambia vijana kwamba mama huyu alifungua kitabu cha kale cha Wachina, akakuta jani la malaria, akalichemsha, akapata dawa. Wakapiga makofi. Sikuwa nimesoma chochote zaidi ya habari fupi ya gazeti. Karibu kila nilichosema kilikuwa kimepinda, na kilichopinda kuliko vyote ni huko kuchemsha.

Yaliyotokea kweli niliyajua kwa kuchelewa mno. Nitayaeleza kwa kirefu, maana ndimo kosa langu lilimo.

Tarehe 23 Mei 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri, ukaitwa 523 kwa kufuata tarehe hiyo. Askari wa Vietnam ya Kaskazini walikuwa wanakufa kwa malaria msituni, na klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Mwaka 1969 Tu Youyou alikabidhiwa kikundi cha watafiti katika taasisi ya tiba ya asili huko Beijing. Walikusanya tiba zaidi ya 2,000 kutoka kwenye vitabu na kwa matabibu wazee, wakatengeneza michujo zaidi ya 380 kutoka mimea 200 hivi, wakaijaribu kwa panya waliotiwa vimelea. Mmea wa qinghao, yaani artemisia, ulikuwa mmoja tu katika hiyo, na matokeo yake yalikuwa kigeugeu: leo unazuia vimelea, kesho hauzuii. Ilikuwepo pia changshan, mzizi wa malaria ambao Wachina waliujua tangu zamani. Kiini chake, febrifujini, kinaua vimelea kweli kweli, ila kinamtapisha mgonjwa kiasi kwamba hakikufaa kuwa dawa ya kumpa mtu.

Ndipo akarudi kwenye kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya 4. Maagizo yake ni mafupi: twaa konzi ya qinghao, iloweke ndani ya maji, ikamue, unywe maji yote. Hakuna moto humo. Tu Youyou akashuku kwamba joto ndilo lililokuwa linaharibu kazi yao. Akaacha kuchemsha, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35, chini ya joto la mwili wa mtu. Akachukua majani, mashina akayatupa. Mchujo alioupata akaugawa mara mbili: sehemu yenye asidi, ambayo ilikuwa na sumu na haikutibu, akaiondoa, akabaki na ile nyingine. Viwanda vya dawa vilikuwa vimesimama kwa sababu ya Mapinduzi ya Utamaduni, hivyo walilowekea majani kwenye mapipa ya kawaida ya nyumbani. Tarehe 4 Oktoba 1971 sampuli namba 191 ilimaliza vimelea vyote katika panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaimeza wenyewe kwanza waone kama ina madhara, kisha ndipo wagonjwa wa kisiwa cha Hainan wakapewa. Novemba 1972 wakapata fuwele zake: artemisinini. Ilichukua miaka mingine kulijua umbo la molekuli na kukuta ndani yake daraja la atomi mbili za oksijeni, daraja ambalo likikutana na chuma cha damu inayoliwa na kimelea, hupasuka na kukiua.

Angalia kazi ile yote. Kila hatua ni kutoa kitu na kupima kilichobaki. Kutoa mashina, kutoa moto, kutoa asidi, kupima kwa panya, kupima kwao wenyewe, kupima kwa mgonjwa. Mimi nilichukua jina la mwisho la safari hiyo, nikalibandika juu ya gunia ambalo halijatolewa chochote wala kupimwa chochote.

Mbegu nililetewa na ndugu kutoka Kivu, zimekunjwa ndani ya karatasi ya daftari. Ni ndogo hivi kwamba ukipiga chafya zimekwenda. Nilizipanda nyuma ya nyumba, katika parseli yetu, zikaota vizuri, na zikiwa bado hazijapita magoti zikatoa maua. Nikafurahi. Nikadhani ardhi ya Kisangani ina baraka. Kumbe mmea huu ni wa nchi zenye majira, ambako mchana hurefuka na kufupika. Wenyewe husubiri siku zifupike ndipo uchanue, na kabla ya hapo huwa umejenga majani mengi hadi kumpita mtu kimo. Sisi tuko nusu digrii tu kutoka ikweta. Mchana wetu ni wa saa 12 mwaka mzima. Mbegu ya kawaida ikiota hapa hujiona imefika mwisho wa majira siku ile ile inapoanza kuishi, ikachanua haraka, majani yakawa machache. Na artemisinini hujaa majanini, ndani ya vinyweleo vidogo vya tezi, zaidi pale mmea unapokaribia kuchanua. Wataalamu wa Uswisi na wengineo walizalisha mbegu chotara zinazochelewa kuchanua kwa sababu hiyo hiyo. Yangu haikuwa chotara ya mtu yeyote. Sikujua hata kama ilikuwa artemisia inayotakiwa, maana ziko nyingi duniani: ile ya milima ya Afrika Mashariki na Kusini, Artemisia afra, inanukia vizuri na watu huinywa, lakini artemisinini haimo. Hata vitabu vya kale vya China viliita mimea zaidi ya mmoja kwa jina la qinghao, na Tu Youyou na wenzake walilazimika kuhakikisha kwamba wenye kiini ni Artemisia annua peke yake.

Nilikata kila kitu, majani na mashina, nikaanika juu ya mabati jua kali, nikaponda, nikafunga kwenye sache. Mashina yaliongeza uzito. Hilo nalo naliungama. Maagizo yangu yalikuwa haya: konzi moja ndani ya lita moja ya maji, ichemke mpaka iwe nyeusi, unywe siku saba. Hapa kwetu dawa isiyo chungu haiheshimiwi, na chai yangu ilikuwa chungu mpaka mtu anafumba macho. Hakuna aliyeniuliza, nami sikujiuliza, kama huo uchungu ndio kiini au ni kitu kingine tu kilichomo ndani ya jani. Mwalimu wa kemia anajua kwamba artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Kama hajui, anaweza kuitazama ile fomula na kuanza kushuku. Niliitazama kila siku, ilikuwa mbele ya macho yangu.

Mama mmoja wa Lubunga, ng'ambo ya mto, mjuzi wa miti tangu zamani, alipita siku moja mezani kwangu. Akachukua jani, akalisugua, akalinusa, akaniuliza kwa nini nachemsha. Alisema yeye majani yenye harufu kama hiyo huyatwanga mabichi na kuyakamua kwa maji baridi, kwa kuwa moto unakula nguvu yake. Nilimjibu kwa Kifaransa cha darasani, nikamwonyesha karatasi ya fomula, na wateja waliokuwepo wakacheka. Alikuwa anasema jambo lile lile alilolisema Ge Hong. Sisemi kwamba maji yake ya baridi yangeponya mtu, maana naye hakuwa na mizani. Ila kati yetu wawili, aliyekuwa anafikiri siku hiyo ni yeye.

Aprili 2020 ikaja korona, na rais wa Madagascar, Andry Rajoelina, akaonekana kwenye simu za watu wote akinywa Covid-Organics, kinywaji chenye artemisia. Gunia langu likaisha. Sikusema kwamba chai yangu inatibu korona. Sikusema pia kwamba haitibu. Aliyeuliza nilimjibu, «Wewe umeona mwenyewe,» nikapokea franki zangu. Kabla ya hapo, mwaka 2019, jarida moja la kimataifa lilikuwa limechapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Maniema, jirani zetu hapa kusini, likidai chai ya artemisia inashinda vidonge vya artesunati na amodiakwini. Niliichapa makala hiyo kwenye karatasi, nikaibandika chini ya fomula. Baadaye jarida lenyewe likaiondoa makala hiyo. Habari ya kuondolewa kwake ilinifikia. Karatasi sikuibandua.

Oktoba ya mwaka ule wa korona, mvua zikiwa kali, mtoto wa mdogo wangu wa kike akashikwa na homa. Alikuwa na miaka minne. Mama yake alikuja jioni, mtoto amemfunga mgongoni, akaniuliza mimi kaka yake: «Yaya, nimpeleke kituoni wampime?» Pesa alikuwa nazo, si nyingi, lakini za kipimo zilikuwepo. Nikamwambia asizipoteze. Nikampa sache bure, nikajiona mwema.

Homa ilishuka haraka, na mtoto akaomba chakula. Nilitangaza habari hiyo mtaani kama ushindi. Sasa naelewa kwa nini ilishuka. Artemisinini, hata ikiwa kidogo, inaua vimelea kwa kasi kuliko dawa nyingi tunazozijua, lakini haikai mwilini. Baada ya saa chache imekwisha. Ikiwa haba, vinavyobaki vinazaliana upya, na mgonjwa aliyeonekana kupona anarudi chini. Ndiyo maana hospitali haikupi peke yake. Inafungamanishwa na dawa nyingine inayodumu, imalizie kazi. Mtoto alirudi chini usiku mmoja. Degedege lilimkuta akiwa mikononi mwa mama yake. Tulimpakia kwenye pikipiki, mama nyuma, mimi nikifuata kwa miguu nikikimbia gizani kwenye matope.

Hospitali siitaji, haina kosa lolote. Walimtoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria. Damu ilikuwa imepungua sana, ikabidi aongezewe. Nilisimama ukutani nikamtazama muuguzi akifanya kazi. Kwanza alimpima uzito: kilo 15. Akaandika kwenye kiganja chake, kwa kalamu, 3 mara 15, 45. Ni miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto mdogo kama yule. Akachukua kichupa cha unga mweupe, akatia bikaboneti, akatikisa mpaka kikawa maji maangavu, akaongeza maji ya chumvi, akavuta kwenye sindano, akainua juu kwenye taa, akasukuma tone la ziada nje. Nikasoma maandishi ya kichupa. Artesunati. Ni mtoto wa artemisinini, imebadilishwa kidogo tu ili iweze kuyeyuka. Kitu kilichoandikwa juu ya meza yangu kilikuwa kinaingia kwenye mshipa wa mpwa wangu, lakini kimetolewa kwenye jani, kimesafishwa, kimepimwa kwa miligramu kulingana na kilo zake.

Dawa hiyo nayo ilijaribiwa kwa watoto wa Afrika, Kongo ikiwemo, watoto 5,425, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010: waliopewa kwinini kwa sindano walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesunati asilimia 8.5. Tofauti hiyo ni watoto wengi sana katika nchi inayoifuata Nigeria kwa malaria duniani.

Muuguzi akauliza: «Nyumbani alikunywa nini?»

Mdogo wangu hakujibu, alinitazama mimi. Nikajibu haraka: «Majani. Lakini mama yake hakumpa inavyotakiwa. Hakumaliza siku saba.»

Ulikuwa uongo. Alimpa kama nilivyomwambia, asubuhi na jioni, akimbana pua mtoto ili ameze ule uchungu. Sikujua kwamba nitasema vile mpaka nilipojisikia nikisema. Muuguzi aliandika, shemeji yangu alisikia, na kufikia asubuhi habari ilikuwa imefika kwa mawifi zake: huyu mwanamke nusura aue mtoto kwa uzembe, na kaka yake, Prof, alikuwa amempa dawa nzuri. Mtoto akapona na kurudi nyumbani. Maneno hayakupona. Kila alipokosea jambo dogo kwa wakwe zake, chumvi kuzidi kwenye sombe au maji kusahaulika kuchotwa, walimkumbusha malaria ya mtoto. Mimi nilikaa kimya, nikaendelea kuuza. Nilijitia hamnazo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kilichonishitua hatimaye hakikuwa dhamiri, bali ubishi. Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi maabara alinicheka mezani kwangu, nami nikakasirika, nikamwambia apime. Nilikuwa na hakika. Akachukua majani yangu, akayaloweka kwenye kiyeyusho, akachuja. Akaweka tone lake kwenye kibamba cha kioo kilichopakwa silika, na pembeni yake tone la artemisinini safi aliyokuwa nayo kwenye kichupa kidogo kisichozidi kidole. Kibamba kikasimamishwa ndani ya gilasi yenye kiyeyusho kina kidogo chini. Kiyeyusho kikapanda polepole, kikiburuza vitu juu, kila kimoja kwa mwendo wake. Chini ya taa ya urujuanimno niliona madoa mengi upande wangu, nikafurahi. Akaniambia nisifurahi bado, maana artemisinini haionekani kwenye taa ile. Hayo mengine ni rangi za jani na mambo yake mengine. Akapuliza kemikali juu ya kibamba, akakipasha moto. Upande wa artemisinini safi doa likatoka, limekolea, la rangi iliyoelekea zambarau. Upande wangu, kwa urefu ule ule, palikuwa na kivuli. Kipo, huwezi kusema hakipo. Ila ilibidi tukisogeze kwenye dirisha ili tukubaliane kwamba kipo.

«Hii ndiyo uliyompa mtoto?» akauliza. Nikamwambia hapana, mtoto nilimpa hii ikiwa imechemshwa.

Baada ya hapo nilianza kusoma nilichopaswa kusoma mwanzo. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa humu humu Kongo, wa watu walioamini jani hili na walioliandaa kwa uangalifu kuliko mimi, kwa mbegu nzuri na vipimo vya gramu. Siku ya saba, waliokunywa chai walikuwa wamepona asilimia 74 kwa wastani. Waliopewa kwinini, asilimia 91. Na katika wale wa chai, wengi ugonjwa uliwarudia. Mwaka huo huo wengine walipima chai yenyewe na damu ya waliokunywa: lita moja iliyotengenezwa kwa gramu 9 za majani ilitoa miligramu 94 na nusu za artemisinini, kama asilimia 19 ya kiasi kinachotakiwa kwa siku. Hiyo ni chai ya mizani. Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo wake mwaka 2012 na kuurudia mwaka 2019: haliungi mkono kutibu wala kuzuia malaria kwa majani ya artemisia, yawe chai au unga.

Najua hoja watakayonijibu wenzangu wa majani, kwa kuwa niliitumia mwenyewe: kwamba jani lina vitu vingi vinavyosaidiana, na kwamba Wazungu na viwanda vyao wanataka tununue. Huenda jani lina vitu vinavyosaidiana. Hilo linapimika, na lipimwe. La viwanda nalo halishiki. Bukavu, hapo Kivu, Pharmakina imetoa kwinini kwenye magome ya mikwinini kwa miongo mingi. Kiini hicho Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walikitenga mwaka 1820. Sijamsikia mtu wa Kisangani akidai kwamba atatafuna gome la Bukavu kwa kukadiria kwa kuwa kwinini imo. Tunajua imo, na ndiyo sababu tunataka ipimwe. Kwa artemisia mimi niligeuza mambo: kwa kuwa kiini kimejulikana, nikaona hakuna tena haja ya kukipima. Hilo ndilo kosa la akili yangu, mbali na lile la tabia.

Na jani la Kichina si lazima liwe dhaifu ndipo lidhuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, wanawake waliokuwa wanatumia vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya China walianza kupoteza figo, zaidi ya 100. Nafasi ya mzizi mmoja, Stephania, ilikuwa imechukuliwa na mwingine, Aristolochia, na majina yao ya Kichina yanakaribiana. Ndani ya huo wa pili mna asidi inayoharibu figo na kuleta saratani. Hakuna aliyepima kilichomo kabla ya kumeza. Wanaouza makopo yenye maandishi ya Kichina katika soko kuu letu wanapenda kusema kwamba kitu cha asili hakidhuru. Waulizwe kuhusu Brussels.

Jambo jingine sikulifikiria hata kidogo nilipokuwa nafunga sache. Kila mara vimelea vinapoonjeshwa artemisinini haba, vinavyosalimika ni vile vilivyo vigumu. Usugu ulionekana kwanza Cambodia. Mwaka 2020 ukathibitishwa Rwanda, mwaka 2021 Uganda. Hizo mbili za mwisho ni nchi ambazo bidhaa zetu zinapitia kila wiki, na mbu hana pasi ya kusafiria wala vimelea havisimami mpakani. Siku artesunati ya yule muuguzi itakapoanza kushindwa hapa Tshopo, sina dawa nyingine ya kubandika jina lake mezani.

Nilikwenda kwa wakwe wa mdogo wangu. Niliomba wakae wote, shemeji, mama mkwe, mawifi, na yeye mwenyewe akiwepo. Nikawaambia kwamba alimpa mtoto dawa sawasawa na maagizo yangu, kwamba maagizo ndiyo yaliyokuwa mabaya, kwamba yeye alitaka kwenda kupima nami nikamzuia, na kwamba hospitalini nilidanganya. Mama mkwe aliuliza kwa nini nimechelewa hivyo. Sikuwa na jibu linalofaa kutamkwa mbele ya watu wazima. Nilisema niliona haya. Mdogo wangu alisema tu: «Yaya, ungesema usiku ule.» Ananipikia nikienda kumtembelea, lakini mtoto akiugua hanipigii tena simu, na ana haki.

Wanafunzi wangu wa 2015 wametawanyika. Wengine nasikia ni wauguzi. Wa sasa nawafundisha sampuli namba 191 kwa hatua zake zote, na etha yake, na asidi iliyotupwa. Meza nimeiondoa na mimea nimeing'oa.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mliochukua sache kwangu, Mangobo, Kabondo, Tshopo, hata mliovuka mto mkapeleka Lubunga: kama bado mnazo, zitupeni. Mtoto akishikwa na homa, mpelekeni akapimwe siku hiyo hiyo, na akikutwa na malaria apewe vidonge vya mchanganyiko kwa uzito wake, avimalize. Na kama kuna mtu niliyemwambia asipoteze pesa za kipimo, anitafute, nitamlipia mimi.